Korongo Yule, Korongo Lile

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari pale Engutoto, mjini. Kwa miaka mingi, kila nilipofika kwenye somo la ngeli, niliandika ubaoni neno korongo. Korongo yule ni ndege mwenye miguu mirefu. Korongo lile ni bonde lililochimbwa na maji ya mvua. Neno ni lilelile, nikawa nawaambia wanafunzi, ila usipolifunga mkia hujui kama litaruka au litakumeza. Walicheka, nami nilifurahi kuchekesha. Siku hizi natumia paa, yule wa porini na lile la nyumba. Korongo siliandiki tena.

Baba alikuwa dereva wa watalii. Nyumbani kwetu ni Makumira, kwenye migomba na kahawa, na lugha yake ya kwanza ni Kimeru. Kiswahili alikiokota barabarani, na ngeli hakuziokota. Kwake kila kitu kilikuwa "ile": mzungu ile, mlima ile, ndege ile. Nilimsahihisha mezani tangu nikiwa kidato cha pili, mpaka mama akanikemea kwamba namkatisha baba kula. Baba hakukasirika hata mara moja. Alikuwa akisema, "Mwalimu, tembo ikikufukuza utasimama kwanza uiulize ngeli yake?"

Jumapili moja, mwishoni mwa masika, nilikuwa nimeenda kuwasalimia. Nilimkuta amevaa kaki badala ya suti ya kanisani, na gari la kampuni limeegeshwa uani. Alisema anakwenda kukagua njia ya maziwa ya Momella, ndani ya hifadhi, kwa sababu mvua imeiharibu na kesho yake alikuwa na wageni: mtu na mkewe na watoto wao wawili wadogo. Mama alinuna. Baba hakuwa mtu wa kukosa ibada. Kisha baba akanigeukia, akasema, "Twende wote, mama. Ukaone mahali baba yako anapofia."

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nimezaliwa karibu na hifadhi ile kiasi kwamba nyati wake wamewahi kula mahindi ya jirani yetu, na sikuwahi kuketi kando ya baba ndani yake. Wageni kutoka nchi ambazo siwezi kuzitamka alikuwa amewapeleka. Sisi tulibaki na hadithi. Nilipanda gari lile nikiwa na furaha ya mtoto, na sioni aibu kuisema.

Aliendesha polepole mno. Bodaboda zilitupita, bajaji ikatupita, hata mwanamke mwenye baiskeli na mkungu wa ndizi alikaribia kutupita. Nikamtania kwamba kwa mwendo huu wageni watafika wakiwa wazee. Alicheka kidogo, lakini midomo yake iliendelea kuchezacheza, kana kwamba anasali. Nikadhani anafidia ibada.

Tulipoingia hifadhini, kwenye uwanda wa majani ulio baada ya lango, alinyoosha kidole kushoto. "Twiga ile, wako pale."

"Leo hawapo, baba."

"Basi wamepanda juu," alisema, akaendelea.

Maziwa yalikuwa yamejaa. Lile dogo lilikuwa la kijani, na viboko walitoa masikio tu nje ya maji. Ng'ambo, kwenye lile kubwa, ndege aina ya heroe walikuwa mstari mwembamba wa rangi ya waridi. Udongo wa njia ulikuwa mweusi, unaonata, na kila palipokuwa na dimbwi au mahali palipobomoka baba aliniuliza: liko upande gani, lina urefu gani, kuna mti gani karibu. Nilimjibu kila kitu. Nilijiona msaidizi wa maana. Nilifikiri baba ananifundisha kazi yake.

Tulipolipita ziwa la viboko, njia ilinyooka, ikawa tambarare na kavu. Katikati yake alikuwa amesimama korongo, mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, anadonoa. Sikutaka kumshtua. Nilisema kwa sauti ya chini, "Korongo, baba."

Baba akafunga breki.

"Korongo ile ni kubwa?"

"Kubwa," nilisema. Alikuwa ndege mkubwa kweli.

Akavuta kile kirungu kifupi kando ya gia, kinachofanya magurudumu yote manne yavute pamoja. "Shika hapo juu ya mlango," aliniambia. "Shika vizuri. Mvua ya mwaka huu imefanya fujo."

Gari likanguruma, likaanza kutambaa. Korongo alipiga hatua tatu, akafungua mabawa, akapaa. Kivuli chake kilipita juu ya boneti na juu ya kioo, na baba hakuinua macho. Alikuwa ameinama mbele, anakata usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, anakanyaga na kuachia mafuta kwa uangalifu wote wa mtu anayeteremka shimoni. Kisha akaegemea nyuma, kama mtu anayepanda kutoka. Mimi nilikuwa nimeshika kishikio kwa mikono yote miwili, juu ya njia iliyonyooka kama ubao wa meza.

"Umeona?" alisema, akifuta jasho. "Gari hii haishindwi na kitu."

"Nimeona, baba."

Aliegesha mahali wanapoegesha wote, ukingoni mwa ziwa kubwa. Alipajua. Nilimimina chai, nikamnyooshea kikombe mbele ya uso wake. Mkono wake ulipita kando ya kikombe, ukakamata hewa, ukarudi.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Hakujifanya hajaelewa. "Korongo haikuwepo?"

"Alikuwepo. Ndege."

"Na taji yake?"

"Na taji lake."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, kisha akaniambia yote. Ulikuwa mwaka mzima. Pembeni anaona, katikati ni ukungu. Njia zote anazijua kwa moyo, anahesabu kona moja baada ya nyingine, na ndiyo maana midomo yake ilicheza. Ila masika yalikuwa yamebadilisha njia, na akahitaji macho ya mtu wa kumwambia palipobomoka ili akariri, kesho awapeleke wageni wake. Ndiyo maana akanichukua. Sikwenda kutembezwa. Nilikwenda kuwa miwani. Niliumia kwa jambo hilo hata kabla sijaumia kwa ajili yake, na mpaka leo najichukia kwa mpangilio huo.

"Hao ndio wa mwisho," alisema. "Nikiwarudisha, naenda kwa tajiri wangu nimwambie mwenyewe. Mtu ameendesha maisha yake yote, mwache ashuke mwenyewe."

"Kesho kuna watoto ndani ya gari, baba."

"Leo pia kuna mtoto ndani ya gari," alisema. "Na nimemfikisha."

Aliniomba nisimwambie mtu, nikaitikia. Aliniomba ahadi, nikampa. Nikaomba funguo, akanipa bila neno, na nikaliendesha lile gari zito kurudi Makumira nikiwa nimeketi ukingoni mwa kiti kama kuku kwenye uzio.

Jioni, jua likiwa bado lipo, nilimwona akiliosha gari kwa ajili ya kesho. Alilipapasa kwa kiganja kutafuta palipobaki tope. Akilikosa tope mahali, mimi niliyekuwa kibarazani naliona. Nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye kahawa, nikampigia simu tajiri wake.

Asubuhi alikuja dereva mwingine, kijana wa watu, mwenye adabu. Alisema shikamoo mara mbili kwa aibu. Baba alikuwa mlangoni, amenyoosha kaki, ameng'arisha viatu. Alitoa funguo mfukoni, akamkabidhi, akasikiliza gari likitoka mpaka barabara kubwa. Kisha akamwambia mama, nami nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake, "Mwambie huyo binti yako ahadi yake nimeipata."

Tangu siku hiyo hakusema nami. Nilikuwa nikifika kila Jumapili, nasema shikamoo, naye anajibu marahaba, kwa maana kwetu marahaba hanyimwi hata adui. Baada ya hapo kila kitu kilipitia kwa mama: mwambie sukari imezidi, mwulize kama mvua imenyesha mjini. Mama alijaribu kunitetea. Alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba heri aibu kuliko kuua watoto wa watu. Baba akamjibu kwamba yeye hakukasirikia kazi, alikasirikia ahadi. Daktari wa macho alisema kilichoharibika nyuma ya jicho hakirudi, na baada ya muda hata pembeni pakafunga. Nilifanya lililo sawa. Ningelifanya tena. Na hakuna Jumapili niliyorudi mjini bila kulia.

Mwaka huu, masika yalipokatika, nilisema shikamoo kama kawaida. Akajibu marahaba, kisha akageuza uso upande niliokuwa. "Nipeleke ziwani," alisema. Mama akaacha kuchambua mchele.

Niliazima gari linalovuta kwa magurudumu yote manne kutoka kwa rafiki wa zamani wa baba. Njia nzima hakuongea, ila midomo ilihesabu, na niliposikia pumzi yake ikibadilika nilijua tumefika kwenye ule uwanda. "Twiga wapo," nikasema. "Saba." Akaitikia kwa kichwa. Kwenye ziwa la viboko nilimweleza maji yamefika wapi na heroe wako wangapi, nikaeleza mno, kama mwalimu aliyeogopa darasa lake. Aliniacha niseme.

Tulipolipita, njia ikanyooka. Alikuwepo mmoja, katikati kabisa, na taji lake. Huenda hakuwa yuleyule. Neno lilinitoka kabla sijaliona.

"Korongo, baba."

Nikasimamisha gari.

Akageuka polepole. "Yule," aliuliza, "au lile?"

Maisha yake yote hakuwahi kulifunga neno mkia. Alijifunza lini, na kwa nani, sijui. Labda alikuwa akisikia miaka yote ile mezani. Nilifungua mdomo nimjibu, neno moja tu, ndilo kazi yangu, ndilo ninalolipwa kulijua, na halikutoka. Baba alingoja. Alingoja kwa muda mrefu, uso wake umeelekea kwangu.

Kisha akainua mikono, akapapasa juu ya mlango mpaka akakipata kishikio, akakishika kwa mikono yote miwili.