Mama Breki na rili iliyokataa kushika

Saa tatu kasoro asubuhi, mteja wa kwanza anainua ndoo ya mchanga kwa fimbo ya kuvulia samaki, na jasho linamtoka. Kando yake amesimama mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa nailoni. Hamtazami mteja. Anatazama jinsi fimbo inavyopinda.

"Inua, baba, inua! Samaki hatakuonea huruma kama mimi."

Ndoo inapanda kidogo, kisha rili, ile mashine ya kukunjia mshipi, inaanza kulia na kuuachia mshipi taratibu. Mwanamke anaridhika. Breki nzuri, anasema, inashika lakini inajua kuachia.

Wateja wanamwita Mama Breki. Ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza katika duka hili jembamba, lenye fimbo zilizosimama ukutani mpaka darini na harufu ya grisi inayomfuata mtu hadi nyumbani. Anawachagulia watu fimbo na rili za baharini, anawafungia mshipi, na anazitengeneza zikishaliwa na chumvi.

Hamuulizi mtu ana pesa ngapi. Swali lake la kwanza ni hili: "Miguu yako itakuwa wapi?"

Wengi hucheka, yeye hacheki. Anayesimama mchangani anahitaji fimbo ndefu, mara mbili ya kimo chake, arushe chambo kupita pale mawimbi yanapovunjikia. Aliye kwenye boti, samaki yuko chini ya miguu yake, kwa hiyo anataka fupi yenye mgongo mgumu. "Ukienda na ndefu kwenye boti utawatoboa wenzako macho bure," anasema. Rili zinazong'aa huzifungua kwanza aone kilichomo ndani, kwa sababu chumvi haidanganywi kwa rangi.

Lakini si maswali hayo yaliyompa sifa. Ni kisa cha shemeji yake.

Kwa miaka miwili aliwasimulia wateja habari za mume wa mdogo wake, aliyechukua fimbo na rili hapa hapa, akanasa samaki mkubwa, na badala ya kutumia breki akauzungushia mshipi vidoleni. Mshipi wa kusokotwa ni mwembamba na haukatiki kirahisi. Ukivutwa kwa nguvu ni wembe. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki baharini.

"Nilikuwa naigiza kabisa, mpaka kilio chake," anasema, macho sakafuni. "Watu wanashtuka, wanacheka, wananunua. Nawaambia, msiwe kama shemeji yangu, sikio la kufa halisikii dawa."

Shemeji mwenyewe ni seremala. Tangu siku ya kwanza hospitalini alikuwa na neno moja tu: breki niliifunga mpaka mwisho, na mshipi ukaendelea kwenda. Nani amwamini? Mama Breki alimjibu mbele ya ukoo mzima kwamba breki iliyofungwa haiachii, na kwamba mwanaume akikosea lazima atafute wa kumbebesha lawama. Seremala hakukanyaga dukani tena.

Miezi mitano iliyopita mdogo wake aliingia na mfuko wa plastiki.

"Dada, nimeikuta nyuma ya kabati. Iuze au itupe, mimi sitaki kuiona," alisema, akaondoka bila kuketi.

Ndani ilikuwa rili ile ile, haijaguswa. Mama Breki aliipangusa chumvi na kuipima breki. Ilikuwa imefungwa mpaka mwisho. Akajiambia labda mtoto aliichezea. Kisha akaushika mshipi, akauvuta.

Ukatoka.

Breki imekaza, bobini, kile kigurudumu kinachobeba mshipi, haijasogea hata nukta, na mshipi wote, furushi zima, unazunguka juu ya bobini kama soksi iliyolegea mguuni.

"Nilidhani nimeushika vibaya," anasema. "Nikavuta tena, ukatoka tena. Nikasema, Mungu wangu, mimi nimefanya nini!"

Kila fundi wa kazi hii anajua kwamba mshipi wa kusokotwa huteleza juu ya chuma kitupu. Lazima uanze na mizunguko kadhaa ya mshipi wa nailoni, ndipo ule mwingine upate pa kung'ang'ania. Aliukunjua wote, mita kwa mita, akiomba aione hiyo nailoni chini. Hakukuwa na kitu.

Hapo akaikumbuka siku yenyewe. Nailoni ilikuwa imekwisha, duka limejaa, shemeji ana haraka. "Mteja wa nje ningemwambia arudi kesho. Huyu ni wa nyumbani, nikasema aah, itashika tu. Wa nyumbani halalamiki."

Na huko baharini mtu alikaza breki, mshipi ukaenda. Akakaza tena, ukaenda. Breki ilipofika mwisho, alibaki na nini cha kumzuia samaki isipokuwa mkono wake?

Siku tatu Mama Breki hakufungua duka. Ya nne alikwenda kwa mdogo wake, akaiweka rili mezani.

"Shemeji, vuta."

Akavuta, ukatoka. Mdogo wake alikuwa mlangoni na beseni la nguo zilizolowekwa. Lilimponyoka, maji yakatapakaa sebule nzima, na hakuna aliyeinuka kuyafuta.

"Kukosa vidole nilishakuzoea, shemeji," seremala alisema. "Kuitwa mjinga ndiko sijakuzoea."

Mama Breki aliomba msamaha, hakupewa. Alipewa sharti. "Ule uongo uliutangaza dukani miaka miwili. Na ukweli utangaze pale pale. Nitasikia."

Amekuwa akiutangaza. Wateja wengine wamemhama, na mwenye duka aliyemwajiri amemwonya kwamba anajifukuzia riziki. Mama Breki amewaita wote aliowafungia mshipi warudishe rili zikaguliwe. Mpaka sasa amefungua arobaini na moja. Mbili zilikuwa na kosa lile lile, na zote mbili, salale, ni za ndugu zake.

Juu ya meza yake ya kazi kuna fimbo isiyo na bei. Ni ya mchangani, nyepesi, na rili yake inazungushwa kwa mkono wa kushoto. Mpini ameunenepesha kwa kamba ili mkono wenye vidole vitatu uukamate. Alipokuwa akiusuka alijifunga plasta vidole viwili, wiki tatu, aone unavyokaa.

Mteja wa ndoo anapumzika. "Mama, nasikia una kisa cha shemeji mjinga."

Anavua miwani. "Mjinga si shemeji. Mjinga ndiye huyu anayekuuzia rili."

Anasimulia yote, bila kuigiza. Mteja anaiweka fimbo chini, mdomo wazi. Hatimaye anauliza samaki alikuwa mkubwa kiasi gani. Mama Breki anatanua mikono.

"Ongeza," inasema sauti mlangoni.

Ni mwanaume mwenye vumbi la mbao kwenye shati, mkono wa kulia mfukoni. Nyuma yake yupo mkewe. Bisibisi inamponyoka Mama Breki. Anaichukua ile fimbo isiyo na bei na kumpa.

Mkono unatoka mfukoni, unaushika mpini, unakaa.

"Miguu yako itakuwa wapi, shemeji?" anauliza.

"Mchangani kwanza. Boti tutaona."

"Jumapili," anadakia mkewe. "Na wewe, dada, utasimama pale pale pembeni. Kama ni mshipi kuteleza, uteleze ukiwepo."

Mama Breki anasema Jumapili atakuwepo kabla ya jua, na kwamba akijaliwa ataendelea kwenda na shemeji mchangani mpaka siku atakayorudi kwenye boti.

Seremala hasikilizi. Anaifunga breki mpaka mwisho. Anajizungushia kitambaa kwenye mkono wa kushoto, anaushika mshipi, anavuta kwa nguvu zake zote. Hautoki. Anavuta tena, kisha mara ya tatu, na Mama Breki anamwacha avute.