Kikwembe Kati ya Sura za Batoto

Miaka ile ya vita nilikuwa nikifanya kazi katika studio ya picha huko Mususa, Butembo. Nilisomea ualimu Lubero, lakini shule niliyopangiwa ilifungwa kabla sijashika chaki, basi nikajifunza kukata foto za kitambulisho kwa mkasi na kuwaambia watu wainue kidevu. Patron wetu, mwenye studio, alikuwa Mwislamu wa Beni, mtu wa safari. Siku moja alirudi kutoka Kampala na kompyuta, skana na mashine ya kuchapa, vyote vimeviringishwa ndani ya godoro. Pamoja navyo kulikuwa na sahani moja ya CD yenye programu.

"Hii inatengeneza sura ya mutu na foto za batu bengine," aliniambia. "Weye ulisoma. Ielewe."

Niliielewa pole pole. Unaipa programu picha moja kubwa, halafu unaipa foto nyingi ndogo. Ile kubwa inakatwa katika vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kinatafutiwa foto yenye weusi au weupe unaokifaa. Ukisimama mbali unaona uso mmoja. Ukisogea unaona watu wengi.

Kwa miezi kadhaa hakuna aliyetaka kitu kama hicho. Kisha wakaja mama watatu wa mtaa. Mkunga wa maternite, nyumba yetu ya uzazi, alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, naye alikuwa anaacha kazi na kurudi kwao Mutwanga, kwa kuwa njia ilikuwa imetulia kidogo. Walitaka kumpa zawadi ambayo hatakula ikaisha. Patron akawaonyesha programu, nao hawakukaa hata kufikiri.

"Tutaleta foto za batoto bote benye alizalisha," mkubwa wao alisema. "Mais yeye asijue."

Foto zikaja ndani ya bahasha, ndani ya vitabu vya sala, nyingine zimebanduliwa ukutani na udongo bado umeshika nyuma. Watoto wa ubatizo, watoto wa Idi wakiwa na kofia mpya, vijana waliokwisha kuota ndevu. Zilipita mia tatu. Niliziweka kwenye skana moja moja, asubuhi, saa zile jenereta ilipokuwa ikiwashwa, na nyuma ya kila moja niliandika kwa kalamu jina la mama wa kumrudishia.

Uso wa mkunga tulikuwa nao, foto yake ya zamani ya kitambulisho. Jaribio la kwanza lilinichekesha. Shavu lote la kushoto lilikuwa mtoto mmoja, yule yule, amerudiwa mara arobaini kwa sababu alipigwa foto kwenye jua na weupe wake ulifaa. Nikatafuta mahali pa kukataza kurudia. Sasa kila mtoto akawa mara moja tu, lakini mkunga akapotea kabisa, akawa kama mtu mwenye surua. Nikaruhusu kila foto irudiwe mara tatu, zisikae karibu karibu. Uso ukarudi. Nikapunguza vyumba viwe vidogo zaidi, uso ukawa mzuri sana, lakini watoto wakawa kama punje za ulezi, hakuna mama angemjua wake. Nikavikuza tena.

Kulikuwa na mpangilio mmoja zaidi, wa kupaka rangi. Ukiupandisha, programu inampaka kila mtoto rangi ya mahali alipowekwa, na sura kubwa inang'aa. Patron aliupenda.

"Pandisha," alisema. "Njo inakuwa muzuri."

"Mais patron, batoto ba ku kitambaa cha kichwa banageuka kijani. Mama yabo hatabajua."

Akainama kwenye kioo cha kompyuta, akatazama muda mrefu. "Basi shusha kidogo," akasema, akaenda kunywa chai.

Nilikuwa karibu kumaliza alipokuja mwanamke mmoja kijana, ameshika kikwembe, kitenge cha kujifunga, kilichokunjwa. Alisalimia, akakaa kwenye benchi ya wateja. Nilidhani anasubiri kupigwa picha. Mwishoni akasema:

"Mutoto yangu hakupigwaka foto hata siku moja. Muzalishaji njo alimupokea. Tulikimbia, na alikufiaka ku njia, alikuwa na miezi tisa. Nilikuwa namubebea mu hiki."

Kilikuwa cha buluu nzito, karibu cheusi, na vidole vyangu vilisikia mahali palipoisha nguvu kwa kufungwa mgongoni. Niliomba kukitandaza kwenye skana, akanisaidia kukinyoosha.

Programu ilikikataa. Katika uso wote wa mkunga hapakuwa na chumba cheusi namna ile. Nikaamuru kila foto itumiwe walau mara moja, na ikakitupa kwenye kona ya chini, nusu nje ya picha. Kuna namna ya kuweka kitu kwa mkono na kukifunga kisihame, basi nikamwita aje achague mwenyewe.

"Apa ku kitambaa cha kichwa? Ama ku paji?"

Alitikisa kichwa. "Mikono yake haiko?"

"Haiko. Ni sura tu."

"Mikono njo ilimupokea," akasema, bila kunilaumu.

Siku ya pili yake nilichukua kamera nikaenda maternite. Nilimdanganya mkunga. Nilimwambia ofisi inataka foto mpya kwa karatasi zake za kuacha kazi. Alivaa kikwembe chake kizito cheusi cha misa, akakaa kwenye kiti cha mbao uani.

"Weka mikono apa mbele, mama."

"Bureau inataka mikono yangu ya nini?" Alicheka. "Banataka kuona kama imechoka?" Lakini akaiweka, mmoja juu ya mwingine, juu ya nguo ile nyeusi.

Nikaanza kazi upya na picha hiyo. Ilinishangaza jinsi kila kitu kilivyopata mahali. Foto nyingi zilizokuwa zinakataliwa, za watoto waliopigwa ndani ya nyumba zenye giza, zilijaa katika nguo yake. Picha ya kikwembe cha yule mama kijana niliifunga isihame chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Tulichapa kwenye karatasi nyingi, tukaziunganisha kwa gundi, na seremala wa jirani akatengeneza fremu yenye kioo.

Wale mama walimpa mkunga zawadi Jumapili baada ya misa, katika ua wa maternite, na familia za Kiislamu zikaja na sahani zao za pilau. Kitambaa kilipoondolewa watu walipiga makofi, wakiona uso wake. Yeye hakuutazama. Alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Huyu alikuja na miguu mbele," alisema. "Huyu mama yake alinitukana usiku wote. Hawa ni mapacha, mumewatenganisha kwa nini?"

Watu walicheka, nami nikaona haya kwa ajili ya mapacha. Alienda hivyo, mstari kwa mstari, hadi akafika mikononi, akaweka kidole kwenye kioo.

"Na hii?"

Yule mama kijana alitoka nyuma. Mkunga alimtazama, kisha akatazama tena kile kipande cha buluu.

"Namukumbuka," akasema. "Alilia mbele mwili wote utoke. Nilikuambia, huyu ana haraka." Mama yule akacheka huku machozi yakimtoka, na mkunga akamshika mkono, wakabaki wamesimama hivyo wakati wengine wakigawa chakula.

Mkunga aliondoka na pickup wiki iliyofuata, picha imefungwa katika blanketi mbili. Baadaye njia ya Mutwanga ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na hatukupata habari zake. Karibu mwaka ulipita ndipo dereva mmoja alipoingia studio na bahasha. Ndani yake mlikuwa na foto nne za watoto wachanga na karatasi yenye mwandiko mkubwa: alikuwa amedhani anaenda kupumzika, lakini wanawake wa Mutwanga walijua kazi yake, na hawa wanne walizaliwa nyumbani kwake. Aliuliza kama kuna nafasi ya kuwaongeza.

Jenereta ilikuwa imewaka, na picha yake bado ilikuwa ndani ya kompyuta. Niliwaomba wateja wawili wasubiri kidogo, nikafunua skana.