Bahasha Niliyomkabidhi

Sijawahi kumpiga mtu wala kuiba. Ubaya mkubwa niliowahi kuufanya niliufanya nimekaa kitini, kwa vidole viwili, na chai yangu haikuwahi hata kupoa.

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa karani katika kampuni moja ya chai mjini Bukavu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini, nilikabidhiwa mimi. Fundi aliyeileta kutoka Goma alinionyesha jinsi ya kuifunga: unaiwasha, na kabla haijaamka vizuri unabonyeza kitufe fulani, unatokea ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, na humo unaandika neno la siri. Tangu hapo haikufungulii kitu mpaka uipe neno hilo.

"Ile neno uiandike ku karatasi," aliniambia, "utie mu enveloppe, direktere apige kashe pa juu. Ukikufa kesho, kazi isikufe pamoja na weye."

Nilifanya hivyo, na mkurugenzi akaipiga muhuri. Bahasha ikakaa kwenye droo yangu, na mimi nikawa mtu. Wakubwa walisimama nyuma ya kiti changu wakisubiri. Nililipenda jambo hilo kuliko mshahara.

Kisha wakaniletea msichana wa kumfundisha. Baba yake alikuwa amefariki, alikuwa kifungua mimba, na wadogo zake wanne huko Mumosho walikula kwa kazi yake. Siku ya kwanza nilimwambia aandike neno lolote ajaribu vitufe. Akaandika Mumosho. Akacheka mwenyewe alivyoliona kwenye kioo, kama vile kijiji chake kimepata umeme. Alikuwa na akili kali, na aliniita papa, yaani baba. Baada ya miezi sita alikuwa ananipita kwa kasi, na mimi nilikuwa wa mwisho kuliona hilo.

Mkurugenzi aliniita, akanyoosha abakosti yake, koti la wakubwa wa enzi ile, akaniambia nahamishiwa depo ya Nyantende, kuhesabu magunia. Kiti changu anapewa msichana, kwa majaribio ya miezi mitatu. Nilisema ndiyo, asante. Nilirudi mezani nikiwaka moto, na hasira yangu yote ikamwangukia yeye, kwa sababu mkurugenzi nilimwogopa.

Kwetu huwezi kuacha kazi bila remise-reprise. Mnakaa watu wawili, anayetoa na anayepokea, mnaandika kila kitu: kioo kimoja, kibodi moja, kitambaa cha kufunikia kimoja. Mnatia sahihi. Ulichosaini kuwa umekipokea ni chako, na kikikosekana unajibu wewe. Asubuhi ya siku hiyo niliingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio nikabadilisha neno la siri. Niliweka mumosho. Nilitaka neno liwe karibu naye, alitafute kila mahali isipokuwa nyumbani kwao. Halafu nikachukua bahasha mpya, nikatia ndani karatasi tupu, nikaifunga. Mkurugenzi aliipiga muhuri bila kuuliza, kwa kuwa siri haisomwi.

Tuliandika: bahasha moja yenye neno la siri. Aliigeuza, akaona muhuri uko mzima, akasaini. Nani angefungua bahasha iliyofungwa mbele ya mtu anayemwita papa?

Kesho yake aliwasha mashine, ikamwuliza neno. Hapo akafanya kosa ambalo nilikuwa nimelitegemea. Bahasha ile ilipaswa kufunguliwa mbele ya mkurugenzi, lakini yeye aliona haya kumsumbua siku yake ya kwanza, akaifungua peke yake. Alipokimbilia kwa mkurugenzi na karatasi nyeupe mkononi, muhuri ulikuwa umeshapasuka na shahidi hakuna. Mkurugenzi alimwonyesha sahihi yake, akamuuliza karatasi yenye neno ameipeleka wapi.

Alikuja Nyantende kwa miguu, viatu mkononi. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia.

"Papa, nakuomba. Banasema mpaka siku ya tano, tena banifukuze. Unipatie ile neno."

"Neno ilikuwa mu enveloppe."

"Haikuwa, papa. Weye unajua haikuwa."

"Ulisaini."

"Nilisaini juu njo weye ulinipatia!"

Wapakiaji walikuwa wanatutazama. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, na mimi niliona raha. Sitaki kuipamba: niliona raha, mwili mzima. Nilimwambia asinicheleweshe kazi. Aligeuka akarudi Bukavu, na mimi nikaendelea na magunia yangu.

Siku ya tano wakamfukuza. Wiki iliyofuata fundi alikuja kutoka Goma, akafungua tumbo la kompyuta kwa bisibisi, akatoa betri ndogo, akanywa kikombe cha chai, akairudisha. Mashine ikawa imesahau neno, imesahau hata tarehe. Barua zetu zote zilikuwamo, salama.

"Njo vile tu?" mkurugenzi aliuliza.

"Njo vile tu."

Barua ya kumfukuza ilikuwa imeshapigwa muhuri, na hakuna aliyetaka kuifungua upya. Mimi nikaitwa nirudi kwenye kiti changu.

Ila kiti hakirudi bila remise-reprise. Hata aliyefukuzwa lazima aje amkabidhi anayepokea. Alikuja na kitambaa kichwani, akakaa mbele yangu. Kioo kimoja. Kibodi moja. Kitambaa kimoja. Bahasha moja, alisema, na akaisukuma kwangu ikiwa wazi.

"Andika iko na nini ndani," alisema.

Niliandika: karatasi tupu.

"Papa, sasa haina kazi tena. Uniambie tu, ile neno ilikuwa nini?"

Ningeweza kumwambia. Hapakuwa na cha kupoteza.

"Nimeisahau," nikasema.

Alitikisa kichwa kidogo, akaomba kalamu yangu. Chini ya fomu, mahali pa anayetoa, panatakiwa sahihi na pale atakapopatikana. Nyumba ya kupanga mjini alikuwa ameshaiacha. Alisaini, kisha akaandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri, Mumosho.