Nilikuza Picha ya Mama Maendeleo, Ndoo ya Kwetu Sikuiona

Kosa ni langu, sitafuti wa kumsingizia. Jina sisemi, na mambo mawili matatu nimeyageuza makusudi. Nawajua nyie! Mkimaliza kusoma mtaanza kuchimba huyu ni nani, anakaa mtaa gani. Nawajua kwa sababu nilikuwa kinara wenu.

Nina kibanda cha kutengeneza simu hapa Sumbawanga. Wateja wakipungua, nilikuwa naangalia video za watu wanaochunguza viongozi kwa vitu vya wazi mtandaoni. Hudukui simu ya mtu. Unachukua picha aliyoiweka mwenyewe, unaangalia kivuli kimelalia wapi, kibao kinasemaje, boti inaitwaje. Nikanogewa! Kila mtumishi kwangu akawa mwizi ambaye hajakamatwa tu.

Sasa, Mama Maendeleo. Ndivyo tulivyomwita afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu. Alhamisi moja nilimfuata ofisini anisainie fomu ya kikundi cha vijana, nikakuta kufuli. Mwezi uliofuata, Alhamisi tena, kufuli. Nikajisemea, hapa pana jambo.

Nikaingia kwenye ukurasa wake. Mikutano, mashamba ya ulezi, kwaya ya kigango. Halafu picha moja: ziwa, dagaa wameanikwa, yeye anacheka, ameandika "Mungu ni mwema." Imewekwa Alhamisi! Nikaikuza mpaka ikawa vidotovidoto. Kivuli kifupi, saa sita hivi, saa ya kazi.

Nikamwita mdogo wangu wa kike, maana kila mwezi alikuwa anashuka Kirando kununua dagaa wa kuja kuuza mtaani.

"We si unaendaga Kirando? Hapa ni wapi?"

Akaitazama picha, akanirudishia simu. "Sijui, kaka. Ila achana na yule mama, ni mtu wa watu."

Nikamshuku hata yeye! Nikasema huyu kashapewa kitu. Jina la boti iliyokuwa nyuma nililitafuta mwenyewe, nikaikuta boti hiyohiyo kwenye picha za wavuvi wa Kirando. Nikachora mishale myekundu, nikarusha kwenye kundi la kata: "Sisi tunasubiri saini, afisa anakula upepo wa ziwa."

Watu wakashangilia, "Mtaalamu!" Wakubwa wake wakamwita ajieleze. Nasikia alijibu neno moja tu, kwamba alikuwa anamsindikiza mwananchi mwenye shida na hatamtaja. Nilicheka! Mwananchi gani huyo asiyetajika? Hazikupita wiki nyingi akahamishiwa bondeni, Kaoze.

Mwezi ukakatika, dagaa nyumbani hakuna. Nikamtania mdogo wangu, "Vipi, Kirando wamehama?" Akaangua kilio.

"Dawa zimeniishia, kaka. Naishi na virusi, mwaka wa pili huu. Nachukulia kule nisionekane. Peke yangu niliwahi kufika geti la hospitali nikarudi. Yule mama ndiye alikuwa ananishika mkono ananiingiza. Siku ya ile picha majibu yangu yalitoka mazuri, ndiyo maana alikuwa anacheka."

Jamani! Nikaifungua tena ile picha. Pembeni kabisa, karibu na miguu ya Mama Maendeleo, kuna ndoo ya bluu, mshikio wake umefungwa waya mwekundu. Waya ule niliufunga mimi, kibandani kwangu! Na dagaa wa siku ile niliwala.

Nilishuka Kaoze kuomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simu umeiacha wapi?"

Nikakosa pa kuweka uso. Nikamwambia nataka kumsafisha kwenye kundi. Akaniuliza, "Utaandika nini? Utamtaja?" Nikatikisa kichwa. "Basi nyamaza kama mimi nilivyonyamaza. Mwambie Alhamisi nimeomba ruhusa, nitamkuta stendi."

Alhamisi hiyo simu ikalia. Kundi la kata. Picha ya Mama Maendeleo stendi, amepigwa kwa mbali. "Afisa wa Kaoze anafanya nini mjini? Mtaalamu, tukuzie hapo pembeni, nani huyo mwenye ndoo?"

Nikaandika, "Picha ya zamani hiyo. Achaneni naye."

"Kashahongwa huyu," mmoja akajibu, wengine wakaweka vicheko. Nikameza. Maneno yaleyale niliyomsemea mdogo wangu!

Ndugu zangu, mtumishi mwizi mchunguzeni, sikatai. Lakini kabla hujarusha picha yake, muulize kwanza mwenyewe. Na akinyamaza, usikimbilie kusema ana hatia. Kuna jibu ambalo huenda analo mdomoni na si lake kulitoa.

Picha yangu yenye mishale bado inazunguka kwenye simu za watu, siwezi kuirudisha. Jana niliichukua ile ndoo, nikaufungua waya mwekundu, nikafunga mweusi. Mdogo wangu akaniuliza kwa nini.

Nikamwambia watu siku hizi wanaangalia sana. Sikuweza kumalizia kwamba mimi ndiye niliyewafundisha.