Siku Nilipomwita Kaka Yangu "Na Wengineo"

Siku tuliyomuaga baba yangu katika ukumbi wa Kaloleni naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka jana, Wafula mwanangu, na leo utakaa kimya unisikilize. Usiniambie una mkutano. Mikutano yako ya ukurugenzi nimeichoka. Habari hii nimeificha tangu hujazaliwa kwa sababu inanitia aibu, lakini baada ya uliyoyafanya Jumapili mbele ya wageni, aibu yangu na iende zake.

Nilikuwa kijana, karani mpya wa ofisi, na katika safu yetu yote ya nyumba mimi peke yangu ndiye niliyefunga tai kila siku, hata Jumamosi. Babu yako kazi yake ilikuwa kutia grisi magurudumu ya mabehewa kule reli. Alinuka grisi akirudi, alinuka grisi akienda kanisani. Kaka yangu mkubwa, Wekesa, alikuwa fundi wa viatu karibu na soko. Baba alipopatwa na ugonjwa wa kumlaza, sisi tuliosoma tulikuja Jumapili na ndizi na maswali mengi. Wekesa ndiye aliyemwosha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, miezi tisa, kisha akaenda kushona viatu vya watu. Hata viatu nilivyovaa siku ya msiba, soli alizishona yeye.

Baba alipofariki nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nikaupiga chapa ofisini. Na ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini mashine ya chapa ndiyo kabisa. Baba yangu nikamwandika "afisa wa reli". Kisha ukafika wakati wa kuwasimamisha watoto wa marehemu. Desturi yetu unaijua: kila mmoja anatajwa na kazi yake, watu wapime mzee ameacha nini duniani. Nikasoma kwa sauti ya redio: kaka yetu wa pili, mwalimu, dada yetu, muuguzi, mimi mwenyewe, karani. Nikafika kwa Wekesa. Nikamwona amesimama karibu na jeneza, amevaa koti la baba, mikono myeusi kwa rangi ya viatu. Nikawaona wakubwa wangu wa kazi kwenye viti vya mbele. Nikasema, "Na wengineo," nikakunja karatasi.

Ndiyo. Nilisema hivyo. Mtoto wa kwanza wa mama yangu.

Akasimama Mzee Salim, jirani yetu wa mlango kwa mlango, mtu wa pwani aliyetia grisi pamoja na baba miaka yote. Hakuitwa na mtu. Akasema, "Niwie radhi, kijana. Nadhani nimeingia msiba wa watu wengine. Mimi nilikuja kumuaga Makokha, mwenzangu wa grisi. Huyo afisa uliyemsoma simjui."

Watu wakacheka, msibani! Yeye hakucheka.

"Na huyu aliyemwosha baba yenu kila alfajiri, jina alilopewa na babaye ni Wengineo? Baba yako hakuionea haya kazi yake hata siku moja. Wewe ndiye umemwonea haya, na sasa hawezi kujitetea."

Unadhani nilijuta? Wapi! Nilimchukia yule mzee mwaka mzima. Nilijiambia ni wivu wa watu wasiosoma. Kuomba radhi nikaahirisha: leo, kesho, Krismasi, mpaka nikazoea kutoomba. Na Wekesa hakunigombeza, afadhali angenipiga kofi. Tangu utoto aliniita "mdogo wangu". Baada ya siku ile aliniita "Bwana Karani". Habari ya asubuhi, Bwana Karani. Karibu chai, Bwana Karani. Kwa heshima, kwa upole, miaka yote, mpaka nikamzika. Sikupata tena kuwa mdogo wa mtu.

Sasa nije kwako.

Umefanya mahafali ya mwanao Brian pale Donholm. Vizuri. Hema jeupe, bango lenye picha yake kubwa kuliko mlango, wageni wengi. Mtoto amesoma, nani atakataa asishangiliwe? Lakini ulipowatambulisha watoto wako ukafika kwa Nekesa, binti yako, ulisema nini? "Na huyu bado tunamwombea." Wageni wakaitikia "Amina". Ebo! Mtoto ana ugonjwa gani hata aombewe hadharani? Ana mikono miwili, ana akili kuliko wewe, na kosa lake ni kuchora.

Akatoa vitabu vyake vya katuni alivyovichapisha mwenyewe, akawagawia watu. Wakasoma, wakacheka hadi wengine wakasahau nyama kwenye sahani. Wewe ukamnyang'anya shangazi yake kimoja, ukakichana vipande mbele ya watu wote.

Mimi nimekisoma mara tatu. Nimecheka mpaka meno yangu ya bandia yakatoka. Yule bwana wa kwenye kitabu anaangika vyeti ukutani mpaka vinaziba madirisha, mkewe anapika gizani mchana. Anampeleka mbuzi wake tuisheni, mbuzi anapita mtihani, anaanza kudharau majani. Bwana akifa, ameacha wosia azikwe na vyeti vyake vyote. Vyeti vinajaa kaburini, yeye anakosa pa kulala, anarudi nyumbani kwa bodaboda na sanda yake. Na anapofika, watoto wake wanamwuliza ana miadi na nani! Aliyekwambia huyo ni wewe ni nani? Nyani haoni kundule, lakini wewe uliliona, ndiyo maana ulichana.

Nekesa yuko kwangu hapa Njiru tangu Jumapili ile. Juzi nilimkuta anatupa kalamu zake kwenye pipa la taka. Nikamwuliza kulikoni.

"Wacha tu, Babu. Hii maneno ya kuchora nimemaliza. Nitatafuta kozi yoyote, hata ya kushughulikia maiti, bora nikitajwa watu wasiseme Amina."

Kalamu nimezitoa, nimezipangusa, ziko mezani. Hajazigusa. Na leo asubuhi nilimwuliza kama umempigia simu. Akajibu bila hata kuinua macho, "Nani? Mkurugenzi?"

Wafula, nilikaa chini. Hilo ndilo lililonifanya nikupigie simu leo, si vitabu ulivyochana.

Nimekukasirikia, na nimejikasirikia mimi zaidi, maana kipimo hicho ulikipata nyumbani kwangu. Ulipoleta ripoti ya shule nilitazama namba kabla ya kukutazama uso. Nikakulea ukidhani mtu ni kazi yake. Lakini mimi Mzee Salim alinikemea nikiwa bado na nafasi, nikaichezea. Usiichezee yako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mtoto aliyekwisha kukuheshimu kwa jina la cheo, mwanangu, haubomoki. Mimi nimeupiga mabega miaka mingi.

Nasaha yangu ni hii, na siipambi. Mtoto mtambulishe kwa jina lake, unyamaze hapo. Anayefaulu mshangilie, lakini usimfanye fimbo ya kumchapia mwenzake. Na mtoto akikuchekesha kwa ukweli wako, cheka, kisha uende ukajirekebishe. Na radhi haingojei Krismasi.

Jumamosi uje. Uje peke yako, bila koti hilo la mikutano. Utamkuta jikoni anakata sukuma wiki. Chukua kisu, ukae upande wa pili, umwambie, "Nekesa, nimekosa. Nisomee kitabu chako." Akikataa, endelea kukata mboga. Akikataa tena, urudi Jumamosi nyingine. Mimi nitakuwa nimetoka, nisiwasumbue.

Mungu akulainishie hiyo shingo. Akupe uzee wenye vicheko, na watoto wako wote wawili mezani. Baraka zangu zote ni zako, Wafula, hata kama leo nakupa nikiwa nimekunja uso.