Fundi na Kimya Chake

Mama Pacha alianza kuhariri video za harusi wanawe wakiwa wachanga, mguu mmoja ukitikisa kitanda chao na mkono ukiwa kwenye kipanya cha kompyuta. Wanawe wakakua, kazi nayo ikakua. Kila alipotaka kukata kitu, alinakili kwanza mfuatano mzima wa vipande, ili akiharibu awe na pa kurudia. Udhaifu wake ulikuwa kwenye majina. Mfuatano wa kwanza aliuita "mpya", uliofuata "mpya kabisa", kisha "mpya ya kweli", na baada ya hapo Mungu ndiye aliyejua.

Mpiga picha wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa utani usiokauka.

Safari hii walipata kazi ya chuo cha ufundi. Fundi seremala mkongwe alikuwa anastaafu, na mkuu wa chuo alitaka video fupi ya kumuaga. Shemeji alimrekodi karakanani. Fundi alijibu kila swali, ila kwa mwendo wake: neno, kimya, kupapasa ubao, neno tena. Mkuu akaomba video ipunguzwe. Mama Pacha akapunguza. Akaomba tena, naye akapunguza tena, mpaka fundi akawa anatiririka kama mtangazaji wa mpira. Mkuu akaridhika. Shemeji akasema mradi umejaa kama ghala la mitumba, afute mifuatano ya zamani. Mama Pacha akaifuta, akabakiza huo wa mwisho.

Kesho yake mke wa fundi alifika na bahasha ya picha za ujana wa mumewe, ziwekwe mwanzoni mwa video. Mama Pacha alimwamkia, akampa kiti, akamwonyesha kazi. Yule mama alitazama mpaka mwisho, mikono juu ya bahasha. Kisha akauliza taratibu kama siku ile mumewe alikuwa anawahi mahali.

"Hapana, mama. Nimekata tu pale alipokuwa kimya."

"Basi umemkata mwenyewe, mwanangu. Yule nusu ya maneno yake huyasema akiwa kimya."

Mama Pacha aliona aibu, na mifuatano ya mwanzo alikuwa ameshaifuta. Halafu akakumbuka kwamba programu hujihifadhia nakala za mradi mara kwa mara. Akatafuta, akaipata ya wiki iliyopita, na ndani yake mifuatano yote imejipanga na majina yake ya ajabu. Kwa kuwa majina hayakumwambia kitu, ikabidi aifungue mmoja mmoja. Yule mama akasogeza kiti karibu. Kila alipomwona mumewe ana haraka, alitikisa kichwa, nao wakaenda kwa unaofuata.

Katika mmoja wao, fundi aliulizwa atakumbuka nini hapo karakanani. Katika video fupi alikuwa anajibu papo hapo, "Hakuna kitu," kama mtu asiyejali. Hapa alinyamaza. Aliokota kipande cha maranda, akakinusa, akakitia kwenye mfuko wa shati. Ndipo akasema, "Hakuna kitu."

Mke wake akacheka, huku akijifuta macho. "Hayo maranda huyakuta kila nikifua. Huyu ndiye."

Mama Pacha aliuleta mfuatano ule kwenye mradi, akaunakili, akatia picha, kisha akapunguza maneno ya muulizaji na kumwachia fundi kimya chake. Video ikazidi kidogo tu urefu aliotaka mkuu. Alimpigia simu akamweleza, akamtumia. Mkuu alipopiga tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. Akasema ibaki hivyo hivyo.

Siku ya kuaga, ukumbi ulitulia kipande kile kilipofika, na fundi mwenyewe akainamisha kichwa akitabasamu. Baadaye mke wake alimfuata Mama Pacha, akaomba awekewe kwenye flashi rekodi yote, hata vipande vilivyokatwa, awapelekee watoto walio mbali. Shemeji akanung'unika kwamba kunakili mzigo wote huo kutawamalizia jioni nzima.

"Basi vuta kiti, shemeji," Mama Pacha akamwambia, akachomeka flashi.