Difu Moja kwa Magurudumu Manne

Mwinjuma wa Kisarawe, mchuuzi wa nazi na mihogo mikavu, alijaliwa neema ambayo hata liwali hakuwa nayo: alisikika kabla hajaonekana. Landrova yake aliinunua kwa Mzungu mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao, na Mzungu yule alionyesha huzuni kubwa ya kuachana nayo, kwa jinsi alivyozipokea fedha bila kuzihesabu na kuondoka kabla injini haijawashwa. Lilikuwa gari la kupanda milima. Kwenye barabara nzuri lilinguruma mpaka meno yakauma, na waendesha baiskeli walilipita huku wakiamkia.

Mkewe, Sikudhani, alikaa kiti cha pembeni miaka miwili. Katika muda huo mazungumzo yao yote ya safarini yalikuwa neno moja, "Eeh?", na hata hilo ilibidi lirudiwe. Mwaka ule wa hamsini na saba, masika yakinukia, alifunga furushi lake akarudi kwa mama yake, kijijini Misugusugu. Mwinjuma alipomfuata, mkwewe Bi Mwanamkuu alimpokea kwa heshima zote na hakumkaribisha ndani.

"Mwanangu hana ugomvi nawe, mkwe," alisema. "Ugomvi wake na hilo gari. Tumekusikia tangu Mkuza, kuku wangu wameacha kutaga. Njoo na gari ambalo watu wanaweza kukaa ndani wakazungumza, utamchukua. Mfungo ukimkuta hapa, twende kwa kadhi, tusichoshane."

Mwezi wa Shaabani ulikuwa umeshafika katikati.

Hapo ndipo alipoingia Kasiani. Kasiani alikuwa fundi wa magari, na pia Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani wa kila Mzaramo aliyezaliwa na atakayezaliwa. Kazi hii ya pili aliifanya kwa bidii kuliko ile ya kwanza. Siku ya kumzika baba yake, Mwinjuma alimkuta mtani huyu amelala chali kaburini, akidai hatoki mpaka marehemu mwenyewe aje amwombe. Kwa miaka yote ya kujuana kwao hakuwahi kumwambia Mwinjuma jambo moja lenye ukweli ndani yake, na angemwambia, Mwinjuma angeona amevunjiwa heshima.

"Gari lako si bovu, mtani," Kasiani alieleza. "Limefundishwa kulima. Katikati ya ekseli mna difu, hicho kitunguu cha chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Meno yake ni ya shamba: injini inakimbia, gurudumu linatembea. Tukipata difu ya gari la mjini, injini itapumua, na mkeo atakusikia. Sijui kama hilo litamsaidia."

Gari la mjini lilipatikana Visiga, saluni, yaani gari dogo la kutembelea, la kiwanda kilekile kilichounda Landrova, limepinduka mtaroni na mwenyewe kalisusa. Difu yake ikatoka, ikaingia nyuma ya Landrova kama mtoto aliyerudi kwao. Tatizo ni kwamba saluni husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, hivyo difu yake ni moja. Landrova inazo mbili, ya nyuma na ya mbele, na ya mbele hutiwa kazini kwenye tope tu.

"Sikiliza, mtani," Kasiani alisema, akifutia mikono kwenye shati la Mwinjuma. "Ya mbele sijaigusa. Usithubutu kutia magurudumu ya mbele mpaka niipatie hii ya nyuma mwenzake. Ukitia, mbele itatembea, nyuma itakimbia, na gari litapigana lenyewe kwa lenyewe."

Mwinjuma alicheka mpaka akashikilia boneti.

"Nasema kweli."

"Najua. Hata kaburini ulisema kweli."

"Mtani, ule ulikuwa msiba. Hili ni gari."

Hiyo nayo Mwinjuma aliiona nzuri sana, akaiweka akiba ya kumsimulia mkewe.

Asubuhi yake alishika njia ya porini kwenda Kibaha. Gari lilikwenda kwa upole wa kutia shaka. Alisikia ndege. Alisikia pia mlango wa upande wake, ambao kumbe ulikuwa ukigonga tangu enzi za Mzungu. Alipofika Misugusugu alisimama mbele ya nyumba akingoja watu watoke, na hakutoka mtu. Ikabidi ashuke apige hodi kama binadamu wengine. Bi Mwanamkuu alilizunguka gari, akatafuta dosari kwa moyo mweupe, akakosa.

"Mchukue," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi.

Mvua iliwakuta njiani. Sikudhani alizungumza tangu Mkuza, na Mwinjuma aliitikia kila alipopumzika, huku akistaajabia jinsi injini ilivyotulia. Bonde la mwisho kabla ya Kisarawe lilikuwa tope tupu. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure. Mwinjuma akanyoosha mkono kwenye kigingi cha manjano kinachotia ya mbele, akayakumbuka maneno ya Kasiani, akatabasamu, akakisukuma.

Gari lilitoka topeni likitetemeka, mbele ikizuia, nyuma ikisukuma, mithili ya ng'ombe wawili wa nira moja ambao kila mmoja ana miadi yake. Lilipogusa changarawe ngumu, Mwinjuma alivuta kigingi kukirudisha. Kikagoma. Akakanyaga mafuta, kwa imani kwamba ugomvi huisha ukiongezewa nguvu. Chini ya miguu yao kitu kikakatika, na gari likasimama.

"Nini hicho?" Sikudhani aliuliza.

"Kasiani aliniambia nisitie mbele."

"Ukatia."

"Nilifikiri ananitania."

Sikudhani aliitazama mvua kwenye kioo. "Kumbe," alisema. "Na mimi nilikuwa nalilaumu gari."

Akamgeukia mumewe.

"Nimekwambia nini tangu Mkuza?"

"Habari za kuku wa mama."

"Halafu?"

Mwanamume mwenye busara angebuni jambo. Mwinjuma alifikiri sana, akatazama viatu vyake. "Sikusikia," alisema.

Sikudhani akafungua mlango, akashuka, akajifunga kanga vizuri. Nyuma yake ilikuwa njia ya kwa mama yake, ndefu. Mbele, kilima cha Kisarawe. Alisimama kidogo, mvua ikimpiga, akiitazama moja na kuitazama nyingine.

"Chukua furushi," alisema, akaanza kupanda kilima. "Narudia mara moja tu."

Mwinjuma alilitwika kichwani, akamkimbilia, akatembea karibu naye kabisa, kwa kuwa mvua nayo ilikuwa na kelele.